Baba kaambiwa apike chai badala ya kukandwa mkono: mtoa tiba anawaza nini?

Barua nyingi za mwezi huu zinatoka kwa watu waliokutana, hospitalini au nyumbani, na watoa tiba kwa vitendo, yaani wataalamu wanaomsaidia mgonjwa kurudi kwenye shughuli zake za kila siku, wakabaki na swali moja: huyu mtu anaamuaje? Mbona kwa jirani alifanya vile na kwetu hivi, na ugonjwa ni ule ule? Tumezipeleka kwa jopo letu la watoa tiba. Barua zimefupishwa na majina yameachwa.

Shikamooni. Baba yangu ana miaka 67, ni fundi cherehani hapa Arua. Alipata kiharusi, mkono na mguu wa kushoto vikalegea. Sasa anatembea na fimbo. Tulimwita mtoa tiba nyumbani tukitegemea atamkanda mkono. Badala yake alimuuliza baba huamka saa ngapi, nani humvalisha, chai anapenda ya namna gani. Kisha akamwambia avae shati, halafu apike chai, yeye anatazama na kuandika tu. Saa nzima ikaisha hivyo. Mama amekasirika, anasema tumemlipa mtu wa kutazama. — Binti wa fundi, Arua

Marahaba, binti yetu. Mama ana haki ya kuuliza, kwa sababu kwa nje ile saa inafanana kabisa na uvivu.

Ugonjwa wenyewe mtoa tiba alikuwa ameshausoma kwenye karatasi ya hospitali. Alichokuja kutafuta ni kingine: mzee anashindwa kitu gani anachokihitaji kila siku, na anakwama kwenye hatua ipi hasa. Hilo huwezi kulipata kwa kukanda. Kwenye shati linapatikana.

Tuseme baba aliingiza mkono wa kulia vizuri, wa kushoto ukabaki nje, akaanza kufunga vifungo. Nyumbani mtasema mkono umelegea, basi. Mtoa tiba akiona hivyo ana sababu nne kichwani, na kila moja ina tiba yake.

Inaweza kuwa udhaifu peke yake. Mwenye udhaifu huutafuta mkono wake: anautazama, anaunyanyua kwa mkono mzima, anakosa tundu la kuuingizia, anaguna. Huyo anahitaji mbinu. Akae kwenye kiti imara, miguu ikigusa chini; shati lilazwe mapajani, mkono wa shati wa upande dhaifu uning'inie katikati ya magoti. Mkono dhaifu unaingia kwanza na shati linavutwa mpaka lipite kiwiko, ndipo linazungushwa mgongoni na mkono mzima unafuata. Kuvua ni kinyume, mzima unatoka kwanza. Wengi huacha shati kabla halijapita kiwiko, likarudi chini, wakaona mbinu haifai.

Inaweza kuwa ubongo umeusahau upande wa kushoto. Kiharusi kinacholegeza kushoto kimepiga upande wa kulia wa ubongo, na hapo ndipo tatizo hili hutokea zaidi. Mtu huyu hautafuti mkono. Ukimuuliza, "Umemaliza, mzee?" anajibu ndiyo, na anaamini. Chakula cha upande wa kushoto wa sahani kinabaki, ndevu za shavu la kushoto zinabaki, na mlangoni bega la kushoto linagonga fremu. Kumfundisha mbinu ya shati kabla ya kulishughulikia hili ni kazi bure, maana kwake hakuna mkono wa kuvalishwa. Tiba yake ni kumzoesha kuanza kutafuta kutoka kushoto: kitambaa chekundu kifungwe kwenye mkono wa kushoto, na kila kazi ianze kwa kukitafuta kwa macho.

Inaweza kuwa macho yote mawili yamepoteza nusu ya kushoto ya anachokiona. Huyu ukimkumbusha mara chache anajifunza kugeuza kichwa, na anafidia mwenyewe. Yule aliyeusahau upande unamkumbusha asubuhi, mchana amesharudia.

Au mpangilio umevurugika. Mkono una nguvu za kutosha, upande wa kushoto anauona, ila shati lenyewe limekuwa fumbo: analigeuza, anapitisha kichwa kwenye tundu la mkono. Huyo hupewa shati moja lile lile kila siku, liandaliwe vile vile, hatua zile zile, na maneno machache. Ukimwelekeza sana unamchanganya zaidi.

Sasa chai. Shati peke yake halitoshi kuamua, kwa hiyo anatafuta kazi ya pili inayotofautisha. Kama majani ya chai yaliwekwa kushoto na sukari kulia, huenda haikuwa bahati. Baba akisahau majani na pia akauacha mkono wa shati, dhana ya kusahau upande inapata nguvu. Akikusanya vitu vyote bila shida lakini shati likamshinda, mtoa tiba anaifuta dhana hiyo na kurudi kwenye mpangilio.

Kuna na kipimo kingine rahisi, kilichobuniwa Uswidi miaka ya 1990. Mgonjwa hupewa vipande 16 vinavyofanana na ubao wa sentimita 75 kwa 50, aambiwe avipange vienee sawasawa kama maandazi kwenye trei ya kuokea. Asiye na tatizo huweka 8 kwa 8, au 7 kwa 9. Vikirundikana kulia kupita hapo, ni dalili. Tunakipenda kwa sababu hakitaki kalamu. Vipimo vya kuchora saa au kukata mistari kwenye karatasi humwonea mzee ambaye hakukaa darasani: akishindwa, hujui kama ni kiharusi au ni shule.

Chai inapima na hatari pia. Mkono usiohisi joto karibu na sigiri ya makaa ni ajali inayosubiri. Ndiyo maana kabla ya kuruhusu kazi hiyo hugusishwa chupa ya maji ya vuguvugu na ya baridi, macho yakiwa yamefumbwa. Kama hisia hazipo, sigiri inapandishwa juu ya matofali ili asiiname, inakaa upande wa kulia, na sufuria haijazwi.

Kuhusu kukanda: hakumdhuru, lakini hakurudishi mkono kazini. Kinachodhuru ni kumvuta kwa mkono huo akinyanyuka, au kumfungia kamba mlangoni aupandishe mkono kwa kuuvuta na ule mzima. Bega lililolegea halina misuli ya kulishika mahali pake. Likivutwa hivyo linaanza kuuma, na bega linalouma hurudisha tiba nyuma kwa miezi. Akiketi, mkono ulale juu ya mto au meza. Mwambieni na kijana anayemsaidia kuingia kwenye gari amshike kiunoni, si kwapani.

Na yale maswali ya asubuhi na chai? Fundi cherehani wa mashine ya kukanyaga anahitaji miguu na mikono yote miwili, wa kushoto ukiongoza kitambaa. Mtoa tiba alikuwa anapima kama lengo ni kurudi kwenye mashine, au kukata na kupima vitambaa huku mwanafunzi akishona. Akija tena muulizeni mambo matatu: anadhani nini kinamkwamisha baba, atafanya nini juu yake, na baada ya wiki ngapi atabadilisha mpango kama hakuna nafuu. Akishindwa kujibu la tatu, mama atakuwa na hoja.

Mimi ni dereva wa boda boda Jinja. Kiharusi kilinipiga mkono wa kulia miezi minne iliyopita, vidole vimejikunja. Rafiki amenipa mpira wa kubana, nabana mara 200 kwa siku. Mtoa tiba akanikataza. Kwa nini? — Dereva, Jinja

Kwa sababu vidole vyako vinajua kufumba. Kinachokushinda ni kufumbua, na mpira unafundisha kilekile ulichonacho tayari. Lingine ni kazi yako. Mkono wa kulia wa pikipiki ndio wa mafuta na breki ya mbele. Mkono unaoshika bila kuweza kuachia utakufikisha kwenye lori kabla hujauachia mpini. Mtoa tiba akiwaza kurudi kwako barabarani, zoezi la kwanza kwake ni kuachia: kikombe cha plastiki, kisha kitambaa, kisha kipande cha bomba chenye unene wa mpini, kwa sekunde anazozihesabu.

Huenda umesikia pia tiba ya kufungwa mkono mzima ili ule dhaifu ulazimike kufanya kazi. Ilitokana na utafiti wa Edward Taub, Marekani, na ni tiba halisi, lakini ina mlango wake. Kwa kawaida kifundo cha mkono dhaifu kiweze kuinuka chenyewe angalau digrii 20 na vidole vifunguke angalau digrii 10. Ratiba yake ya asili ni mazoezi ya saa 6 kwa siku, siku 10 za kazi ndani ya wiki 2, mkono mzima ukivaa glavu muda mwingi wa kuwa macho. Asiyefikia digrii hizo anashinda na hasira tu. Mwombe akupime, ukiwa chini ya hapo kazi ya sasa ni kufungua, na ukifika mpango unabadilika.

Habari za kazi. Nasoma stashahada ya tiba kwa vitendo hapa Kampala. Tumefundishwa aina za kufikiri: ya kitaratibu, ya kumwelewa mtu, ya kuona mbele, ya simulizi, ya mazingira, ya maadili. Mtihani nilifaulu. Wodini sijui nianze na ipi. Wakubwa wanaamua ndani ya dakika mbili, nikiwauliza wanasema "utazoea". — Mwanafunzi

Hakuna ya kuanza nayo. Majina hayo hayakutungwa kuwa hatua za kufuata. Yalitokana na watu waliowatazama watoa tiba wakiwa kazini. Joan Rogers aliliweka swali hili mezani katika mhadhara wake wa 1983 Marekani. Baadaye mwanaanthropolojia Cheryl Mattingly na mtoa tiba Maureen Fleming waliwafuatilia watoa tiba wa hospitali moja ya Boston, na mwaka 1991 Fleming akaandika kwamba akili yao hupita njia tatu kwa pamoja: ya utaratibu, ya mtu aliye mbele yao, na ya maisha yake ya baadaye. Ile ya mazingira, yaani nauli, vifaa, muda na ujuzi wa mtoa tiba mwenyewe, ilipewa jina na Schell na Cervero mwaka 1993. Kwetu Uganda pengine ingetajwa kwanza.

Tutunge mgonjwa. Mkulima wa Luweero, miaka 30, panga limemkata kano za kukunja vidole viwili vya mkono wa kulia. Ameshonwa siku nne zilizopita.

Utaratibu unakupeleka kwenye karatasi ya upasuaji kabla hujamgusa. Kano zipi? Uzi umepita kwenye kano mara ngapi? Mishono yenye nyuzi 4 au zaidi huvumilia mwendo wa mapema kuliko ya nyuzi 2. Mishipa ya fahamu imeguswa? Kisha splinti (kifaa kigumu cha kushikilia mkono) ya mgongo wa mkono, kutoka ncha za vidole mpaka theluthi mbili ya kigasha: kifundo cha mkono kimekunjwa digrii 20 hadi 30, vifundo vya kiganjani digrii 50 hadi 70, viungo vya katikati na vya ncha vimenyooka. Kila saa akiwa macho anakunja vidole kwa msaada wa mkono mzima mara 10, ananyoosha mpaka viguse splinti mara 10. Usiku vidole vifungwe vimenyooka dhidi ya splinti. Ukisahau hilo, kiungo cha katikati kinakakamaa kikiwa kimekunjwa na utakipigania kwa miezi. Splinti ni wiki 6. Kazi nyepesi baada ya hapo, jembe si kabla ya wiki 12.

Hapo mtihani umeufaulu tena. Sasa mgonjwa anasema nauli ya kurudi ataipata baada ya wiki tatu. Mvua za Machi zimeanza, mahindi hayajapandwa, mkewe ana mimba kubwa. Unamuuliza nani atalima, anatazama dirishani. Jibu umelipata: splinti itavuliwa shambani.

Mpango wa kitabu unahitaji mtu anayerudi kila wiki na anayefuata hesabu ya kila saa, kwa kuwa wiki za kwanza ndizo kano hukatika kirahisi. Kwa asiyeweza, kama ilivyo kwa watoto wadogo, upo mpango wa zamani: plasta ngumu, kama ya mfupa uliovunjika, asiyoweza kuivua, katika pembe zile zile, wiki 3 hadi 4, ndipo mwendo uanze. Gharama yake ni kidole kigumu. Ila kidole kigumu unaweza kukihangaikia baadaye, na kano iliyokatika ni kurudi kwa mpasuaji. Sisi tungechagua plasta, tukiwa tumezungumza na mpasuaji, na tungeandika kwenye faili kwa nini, ili anayempokea wiki ya nne asidhani tulikuwa hatujui. Halafu tungemuuliza kama kuna ndugu wa kupanda mahindi msimu huu. Swali hilo nalo ni tiba.

Hata aina ya splinti ni uamuzi. Zile plastiki zinazolainika kwenye maji ya karibu digrii 70 ni nzuri na nyepesi, lakini ikisahauliwa nyuma ya kioo cha mbele cha taksi wakati wa jua, inapinda na pembe zako zote zinapotea. Plasta haipindi, bali inalainika kwa maji.

Kuhusu wakubwa wenye dakika mbili: wanatambua sura ya tatizo kwa sababu wameshaiona mara nyingi. Ni kweli ni ujuzi, na hapo hapo ndipo wanapokosea. Hatari kubwa zaidi ni neno "mvivu" kwenye faili ya kijana aliyeumia kichwa kwa boda boda. Sehemu ya mbele ya ubongo ikiumia, mtu anaweza kukaa kando ya beseni saa nzima bila kunawa, ilhali anataka. Mjaribu: mpe sabuni mkononi, uuanzishe mkono wake. Akiendelea mwenyewe mpaka mwisho, tatizo lilikuwa kuanza. Mpango wake ni kengele ya simu, orodha ya picha ukutani, na mtu wa kumgusa bega, si mawaidha.

Zoezi la kila siku: kabla ya kuingia wodini andika sentensi moja. "Nadhani anashindwa hiki kwa sababu hii, nikiwa nimekosea, nitaona hivi kabla ya tarehe fulani." Nusu ya pili ndiyo wanafunzi huiruka. Mpelekee mkubwa wako sentensi hiyo badala ya kumuuliza "umejuaje?" Atakujibu zaidi ya "utazoea".

Jambo kwenu. Niko Nakivale na mtoto wa miaka minne, ana mtindio wa ubongo. Hawezi kukaa bila kushikwa, na akila anakohoa. Mmoja alisema tumtengenezee kiti. Mwingine akasema kiti kitamlemaza, asimamishwe kwenye fremu. Nimfuate nani? — Mama, Nakivale

Pole kwa mzigo, mama. Huenda wote wawili wako sahihi. Tatizo ni lipi litangulie. Kwenye barua yako sentensi iliyotushtua ni ile ya kukohoa. Mtoto anayekohoa akila anaweza kuwa anapeleka chakula kwenye njia ya hewa, na hilo linamdhuru upesi kuliko kuchelewa kusimama. Kwa hiyo kiti kwanza, na kiti hicho kitengenezwe kwa ajili ya kula.

Kiti hujengwa kuanzia nyonga. Wengi hufunga mkanda kifuani kwa sababu ndiko mtoto anakoangukia, makalio yanateleza mbele, kichwa kinarudi nyuma, koo linafunguka vibaya, anakohoa zaidi. Makalio yasukumwe mpaka mwisho wa kiti, mkanda upite kwenye mkunjo wa paja na kuvutwa chini na nyuma, mshazari wa digrii 45 hivi. Nyonga, magoti na vifundo vya miguu vikae karibu na digrii 90. Kina cha kiti: pima kutoka nyuma ya makalio mpaka nyuma ya goti, toa upana wa vidole viwili. Kikiwa kirefu kuliko hapo atateleza. Upana: kidole kimoja kila upande. Nyayo ziwe na mahali pa kukanyaga, na meza ifike usawa wa viwiko.

Akila, kidevu kiiname kidogo. Kijiko kitoke mbele na chini, si juu, maana cha juu humfanya atupe kichwa nyuma. Uji uwe mzito wa kuanguka polepole kutoka kwenye kijiko. Subiri ameze ndipo ulete kingine. Asilazwe kwa dakika 30 baada ya kula. Akipata homa na kifua mara kwa mara, akiwa na sauti ya majimaji baada ya kumeza, akikonda, au mlo ukivuka nusu saa kila siku, usisubiri kiti. Mpeleke kwanza kituo cha afya.

Kama mbao ni ghali, viti vya maboksi na gundi ya unga, ufundi uliokuzwa Zimbabwe, ni imara kweli. Tabaka nyingi hubandikwa, kila moja ikandamizwe, kisha kiti kikauke kabisa juani kabla ya kupakwa rangi ya mafuta au vanishi. Kinachoviua ni haraka: ndani kukiwa na unyevu kinaota ukungu na kulegea. Mkojo nao, kwa hiyo weka mpira chini ya mto. Kipimwe upya kila miezi sita, mtoto anakua.

Kusimama kuje pale anapokula bila kukohoa. Kabla ya fremu, mtu mwenye ujuzi amkague nyonga. Mguu mmoja ukionekana mfupi, au paja moja likikataa kufunguka, apigwe picha kwanza. Yule aliyesema kiti kinalemaza alikuwa na hoja kwa upande mmoja: mtoto anayeachwa kitini kutwa nzima hukakamaa. Kiti ni cha kula na kucheza, si cha kushinda.

Mama mkwe wangu anaishi nasi Mukono tangu avunjike nyonga. Mtoa tiba alinifundisha kumnyanyua kitandani, mama akakataa kata kata nisimguse. Mtoa tiba alitaka pia mama arudi kupika, mama hataki. Sasa mtoa tiba amelifuta lengo la kupika. Amekata tamaa? — Mkwe, Mukono

Ndugu yetu, wewe na mtoa tiba wote mnajua kwamba kwa Baganda mkwe wa kiume hamgusi mama mkwe. Kosa halikuwa lake mama. Mpango uliandikwa ukidhani mikono yoyote iliyopo nyumbani inafaa, na swali la "nani anaruhusiwa kumshika nani" halikuulizwa. Siku hizi tunaliweka kwenye ukurasa wa kwanza. Suluhisho mara nyingi si kutafuta mikono mingine, bali kuinua kitanda. Kikifika sentimita 45 hadi 50, kulingana na urefu wake, na nguzo imara ikiwa upande wa mguu mzima, wazee wengi husimama wenyewe. Binti au mjukuu abaki wa kusimamia tu. Kama alifanyiwa upasuaji wa nyonga, ulizeni kwanza mpasuaji amekataza mikao ipi.

Kupika ni suala jingine. Kipimo kimoja cha Kanada humtaka mgonjwa ataje mambo yake mwenyewe na kuyapa alama 1 hadi 10: lina umuhimu gani, analifanya vizuri kiasi gani, anaridhika kiasi gani. Mama mkwe akiipa kupika 2 na kwenda kanisani Jumapili 10, mtoa tiba hajakata tamaa akifuata 10. Nyumba yenye mabinti na wajukuu, mzee kupikiwa ni heshima yake.

Ila kuna tahadhari moja. "Sitaki" ina vyanzo vitatu na lazima vitenganishwe. Kama ni heshima, mambo mengine anayapenda bado. Kama ni hofu ya kuanguka tena, atakubali akijua mtu amesimama karibu. Kama ameacha hata aliyoyapenda, hapati usingizi, hataki kula, hapokei wageni, huo ni moyo kuugua, na aonwe na mhudumu wa afya ya akili kabla ya mazoezi yoyote. Jambo lipi katika hayo matatu, wewe unayeishi naye utalijua kabla ya mtoa tiba. Mwambie.

Nauguza kwenye kituo cha afya Busia. Mgonjwa wa kiharusi aliruhusiwa hospitali kubwa akiwa na alama 100, yaani zote, za Barthel, kipimo cha kujihudumia. Baada ya wiki moja analetwa kwetu ameanguka chooni. Kipimo kilidanganya? — Muuguzi, Busia

Hakikudanganya, kiliulizwa kisichokihusu. Barthel ina vipengele 10: kula, kuoga, kuvaa, kujisafisha, haja zote mbili, kutumia choo, kuhama kitanda na kiti, kutembea na ngazi. Hakiulizi kupika, dawa wala pesa. Na kipengele cha choo alikifaulu kwenye choo cha kukalia cha wodini, pamoja na ukuta wa kushika. Nyumbani ana choo cha shimo.

Kabla ya kumruhusu mtu, mchuchumishe. Akae chini hivyo dakika moja, ageuze kiwiliwili kama anayejisafisha, ainuke akishika kitu kwa mkono mmoja tu. Akitetemeka au akiegemea ukuta kwa bega, choo hicho hakijawa chake. Nguzo ya mti iliyochimbiwa nusu mita, upande wa mkono mzima, hutosha kwa wengi. Asiyeweza kuchuchumaa kabisa atengenezewe kiti cha mbao chenye tundu, miguu ya kiti ikiwa imepanuliwa kwa chini, na tundu lilingane na shimo. Viti vya plastiki vilivyokatwa tundu tunavikataza: ukikata katikati unaondoa kilichokuwa kinaishika miguu, mzito akikaa inatawanyika, na sakafu ya udongo iliyolowa inamaliza kazi.